Mahali, Wakati na Mchoro: Nadharia ya Uhusianifu Inavyosomeka kutoka Gonja

1.0 Utangulizi

Milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same, ina pande mbili ambazo hazipambazukiwi kwa namna moja. Gonja iko upande wa mashariki, chini ya milima, ikitazama bonde la Mkomazi. Jua linapochomoza tambarare, Gonja hulipata mara moja. Jioni hulikosa mapema, kwa kuwa huzama nyuma ya milima hali nyika ya mbali ingali na mwanga. Makanya, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, mambo ni kinyume: asubuhi hulisubiri jua livuke vilele, na jioni hukaa nalo hadi linapotua. Kwa watu wanaosema lugha inayohesabu saa kuanzia macheo, jambo hili lina uzito wake. Asubuhi inapoingia Gonja, je, imeingia pia Makanya?

Jibu la kawaida ni kwamba swali hilo linahusu mlima, halihusu wakati. Jua limekwisha chomoza; mlima umeliziba tu. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, mwaka 1905 liliulizwa swali jingine linalofanana nalo kwa umbo, na hilo halikuweza kujibiwa kwa kuulaumu mlima: matukio mawili yanapotokea mahali mbalimbali, kusema kwamba yametokea “wakati mmoja” maana yake ni nini? Jibu la Albert Einstein ndilo lililozaa nadharia mahususi ya uhusianifu. Miaka mitatu baadaye Hermann Minkowski aliligeuza jibu hilo kuwa mchoro, na tangu hapo wanafunzi wengi duniani wameielewa nadharia hiyo kwa njia ya mchoro kabla ya kuielewa kwa njia ya milinganyo.

Mhadhara huu unaifuatilia historia ya mchoro huo kwa jicho la mwanaisimu. Hoja zake ni tatu. Kwanza, kuchora mahali na wakati pamoja kulianza kabla ya Einstein, katika kazi za watu waliohitaji kupanga safari. Pili, mchoro wa Minkowski, kama sentensi, una sarufi yake, na msomaji asiyeijua sarufi hiyo hupotoshwa na macho yake mwenyewe. Tatu, Kiswahili kina nyenzo za kuueleza mchoro huo vizuri, lakini kuwa na nyenzo si sawa na kuwa na nadharia. Tofauti hiyo imesahauliwa mara nyingi katika mijadala kuhusu lugha za Kiafrika na dhana ya wakati, na kusahauliwa kwake kumeleta madhara.

2.0 Umbali Unaopimwa kwa Siku

Katika karne ya 19 mojawapo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda Kilimanjaro ilipita upande wa mashariki wa milima ya Upare. Gonja na Kisiwani zilikuwa vituo vya njia hiyo: mahali pa kupumzika, kununua chakula na kufanya biashara. Wapagazi na wafanyabiashara hawakuueleza umbali kwa maili. Waliueleza kwa siku: kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa siku mbili, au wa siku tatu kwa wenye mizigo mizito.

Usemi huo umebaki katika Kiswahili hadi leo. Mtu huulizwa kijiji kiko umbali gani, naye hujibu kwamba ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hajakwepa swali. Ametumia kanuni ambayo wanafizikia waliifikia kwa safari ndefu zaidi: ikiwapo kasi inayojulikana na kukubaliwa na wote, wakati unatosha kupimia mahali. Msafara ulitumia kasi ya mpagazi. Elimu ya nyota hutumia kasi ya mwanga, na kwa hiyo husema mwaka wa mwanga, ambao ni umbali na si muda, sawasawa na “mwendo wa siku” ulivyo umbali na si siku. Tofauti iko katika kipimo chenyewe. Kasi ya mpagazi hubadilika kwa mzigo, njaa na mteremko. Kasi ya mwanga katika ombwe ni kilomita 299,792 na ziada kwa sekunde, na haibadiliki kwa mpimaji yeyote.

Upare kuna nyenzo nyingine ya kufikiria mahali na wakati kwa pamoja, nayo ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la asili ya kienyeji, lililochimbwa mlimani na kuzungushiwa ukingo, ambalo hukusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa mchana ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Wenye mashamba hupokea maji kwa zamu. Maji hayafiki kila shamba kwa wakati mmoja: shamba la juu huyapata kwanza, la katikati baadaye, la chini mwishoni. Mtu akichora mstari wima wa saa na mstari wa ulalo wa umbali kutoka ndivani, kisha akaweka nukta mahali na wakati ambapo maji yamefika katika kila shamba, nukta hizo zitaunga mstari mmoja mshazari. Mstari huo ni historia ya safari ya maji, na unagawa karatasi sehemu mbili: upande mmoja ni mashamba na saa ambazo maji yamekwisha fika, na upande wa pili ni yale ambayo hayajafikiwa. Mgawanyo huo utarejewa.

Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyeji wa Upare, alikumbana na tatizo la wakati kwa sura nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alikusanya masimulizi ya koo na kuhesabu vizazi ili kukadiria miaka, akirudi nyuma hadi yapata mwaka 1500. Mti wa ukoo nao ni mchoro wa wakati. Msomaji wake anatakiwa kujua kwamba urefu wa tawi katika karatasi si urefu wa maisha ya mtu. Onyo hilo litahitajika pia katika kuusoma mchoro wa Minkowski.

3.0 Reli na Mstari Mshazari

Mchoro unaounganisha mahali na wakati ulipata umbo lake kamili katika shughuli za reli. Mwaka 1878 mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha kitabu juu ya mbinu ya michoro, na ndani yake aliueleza mchoro wa ratiba ya treni za Paris hadi Lyon, kazi iliyohusishwa na mhandisi Ibry. Stesheni zilipangwa upande mmoja kwa kufuata umbali wake. Saa zilipangwa upande wa pili. Kila treni ikawa mstari mmoja. Mstari uliolala zaidi upande wa umbali ulikuwa wa treni ya kasi. Treni iliyosimama stesheni haikukoma kuchorwa: mstari wake uliendelea kuelekea upande wa saa, kwa maana hata kitu kilichotulia mahali kinasafiri katika wakati.

Faida ya mchoro huo hudhihirika zaidi katika reli ya njia moja, kama ile ya Tanga hadi Moshi iliyojengwa na Wajerumani. Ujenzi wake ulianza Tanga katika miaka ya 1890, ukafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kwa urefu wa kilomita 352. Njia hiyo ilipita magharibi ya milima, kwa Makanya na Same, na hivyo Gonja, iliyokuwa kituo cha misafara, ikaachwa upande wa pili. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba treni moja imetoka Tanga na nyingine Moshi, zote saa 12 asubuhi, kila moja kwa kasi ya kilomita 32 kwa saa bila kusimama. Mistari yao itakatana katika kilomita ya 176, saa 5 na nusu. Mpanga ratiba akiyaona makutano hayo karatasini, anajua kwamba hapo lazima pawe na reli ya kupishania; la sivyo nukta hiyo ni ajali.

Nukta hiyo ina jina katika fizikia: huitwa tukio. Tukio ni mahali fulani pamoja na wakati fulani, na kimoja bila kingine hakitoshi. Treni zote mbili hupita kilomita ya 176, na zote zipo safarini saa 5 na nusu, lakini hatari iko pale tu ambapo mambo hayo mawili yanakutana.

4.0 Einstein na Neno “Hapa”

Mwaka uleule ambao reli ilifika Mombo, Einstein, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern tangu mwaka 1902, alichapisha makala yake juu ya elektrodinamiki ya vitu vilivyo katika mwendo. Mwanahistoria Peter Galison, katika kitabu chake cha mwaka 2003, ameonesha jinsi suala la kulinganisha saa za miji na stesheni lilivyokuwa suala la kila siku la ufundi katika Ulaya ya wakati huo. Haishangazi basi kwamba mfano wa kwanza wa makala hayo unahusu treni. Einstein anaeleza kwamba mtu anaposema treni imefika hapa saa fulani, maana yake ni kwamba akrabu ya saa kuelekea tarakimu fulani na treni kufika ni matukio yanayotokea pamoja.

Mfasiri wa Kiswahili hukutana hapa na jambo la kufunza. Saa aliyoitaja Einstein ni ya saba kwa hesabu ya Kijerumani. Kwa treni ya asubuhi, Kiswahili kitasema saa moja. Tarakimu imebadilika, tukio halikubadilika. Wajerumani wanahesabu kutoka usiku wa manane, Waswahili kutoka macheo, na tofauti ya saa sita kati yao ni tofauti ya mahali pa kuanzia kuhesabu. Hesabu ya Kiswahili inawafaa watu walio karibu na Ikweta: Gonja iko yapata nyuzi 4 kusini ya Ikweta, na urefu wa mchana wake hautofautiani kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Vivyo hivyo kwa saa rasmi ya Afrika Mashariki, ambayo inafuata longitudo ya 45 mashariki. Jua hufika utosini wastani wa dakika 28 baada ya saa 6 mchana kule Gonja, na zaidi ya saa moja baada ya saa 6 kule Kigoma. Tofauti zote hizo ni za makubaliano. Uhusianifu hauhusiki nazo, na mwalimu anayezitumia kuwa ushahidi wa nadharia ya Einstein atakuwa amepotosha darasa.

Uzito wa hoja ya Einstein uko katika neno dogo “hapa”. Treni ikiwa hapa na saa ikiwa hapa, hakuna tatizo. Tatizo linaanza tukio moja linapokuwa hapa na jingine kule. Ili kujua kule ni saa ngapi, lazima habari isafiri, na habari iendayo kwa kasi kuliko zote ni mwanga. Kwa hiyo Einstein alipendekeza saa mbili zilinganishwe kwa kutuma mwanga kutoka moja hadi nyingine na kuurudisha, na muda wa kwenda uhesabiwe kuwa sawa na wa kurudi. Pendekezo hilo, likiunganishwa na kanuni kwamba kasi ya mwanga ni ileile kwa kila mpimaji aendaye kwa mwendo usiobadilika, lina matokeo yasiyotarajiwa.

Ichukuliwe kwamba radi mbili zimepiga reli upande huu na upande huu wa stesheni ya Same, kwa umbali sawa. Mtu aliyesimama katikati ya jukwaa anaziona kwa pamoja na kukata shauri kwamba zimepiga wakati mmoja. Ndani ya treni inayopita, abiria aliye katikati ya behewa alikuwa mbele yake hasa radi zilipopiga kwa saa ya jukwaani, na alama za radi ziko kwenye ncha mbili za treni. Abiria anakwenda kuukabili mwanga wa mbele na kuuacha nyuma mwanga wa nyuma, hivyo anaupata wa mbele kwanza. Kwa kuwa naye huupima mwanga kwa kasi ileile, na ncha zote mbili ziko mbali naye kwa kipimo sawa, hana budi kusema kwamba radi ya mbele ilitangulia. Hakuna aliyekosea. “Wakati mmoja” wa jukwaani si “wakati mmoja” wa behewani.

5.0 Mchoro wa Minkowski

Minkowski aliwahi kumfundisha Einstein hisabati mjini Zürich. Tarehe 21 Septemba 1908, mjini Cologne, alitoa mhadhara uliokuwa na jina fupi la “Mahali na Wakati”, na ulichapishwa mwaka 1909 pamoja na michoro yake. Yeye mwenyewe hakuishi kuona matunda yake; alifariki Januari 1909. Dai lake lilikuwa kwamba mahali peke yake na wakati peke yake havina tena hadhi ya kusimama mbalimbali. Kinachobaki ni muungano wa viwili hivyo. Inasimuliwa kwamba Einstein mwanzoni hakuupokea ukalimani huo wa kihisabati kwa shauku. Kufikia mwaka 1912, alipokuwa akiitafuta nadharia ya jumla ya uhusianifu, alikwisha kuuhitaji.

Mchoro wenyewe ni ule wa ratiba ya treni, pamoja na mabadiliko mawili. Badiliko la kwanza ni la vipimo: wakati hupanda wima, mahali hulala, na vipimo huchaguliwa ili mwanga uwe mstari wa nusu ya pembe mraba, yaani nyuzi 45. Sekunde moja juu ni sekunde moja ya mwanga kando. Hii ni kanuni ya msafara, isipokuwa kwamba mpagazi amepisha nafasi kwa mwanga.

Badiliko la pili ndilo linalotenganisha fizikia mpya na ya zamani. Katika ratiba ya treni, mstari wa treni huinama kufuatana na kasi yake, lakini mstari wa “sasa” hubaki wa ulalo kwa wote: saa 5 na nusu ya Tanga ndiyo saa 5 na nusu ya Moshi na ya kila abiria. Katika mchoro wa Minkowski, mistari yote miwili huinama. Mstari wa maisha wa abiria ukiinama kulia kuelekea mstari wa mwanga, mstari wake wa “sasa” nao huinuka kuelekea mstari huohuo wa mwanga, kwa pembe ileile. Radi mbili za Same ziko kwenye mstari mmoja wa ulalo, ambao ni “sasa” ya jukwaani. Mstari wa “sasa” ya abiria unaopita kwenye radi ya nyuma huinuka na kuiacha radi ya mbele chini yake, yaani katika wakati uliopita. Kilichohitaji aya nzima ya maneno kinaonekana kwa mistari minne.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyeyaona haya katika maisha ya kawaida. Jibu limo katika kipimo. Treni ya kilomita 32 kwa saa ina kasi iliyo kama sehemu 3 za milioni 100 ya kasi ya mwanga. Katika mchoro wenye urefu wa mita moja, mstari wake ungeinama kwa upana ulio mdogo kuliko unywele zaidi ya mara elfu. Mchoro unaochorwa ubaoni hutia chumvi, na mwalimu mwaminifu husema hivyo.

Mfereji wa ndiva sasa unaweza kurejewa. Mistari miwili ya mwanga inayotoka kwenye tukio moja, kulia na kushoto, huzingira matukio yote ambayo tukio hilo linaweza kuyaathiri. Eneo hilo huitwa koni ya mwanga. Aliye nje ya koni ni kama shamba la chini ambalo maji hayajafika: chochote kilichofanyika ndivani hakijamgusa. Matukio yaliyo ndani ya koni yana utangulizi na ufuatizi ambao wapimaji wote wanaukubali. Yaliyo nje yake ndiyo tu ambayo wapimaji wanaweza kutofautiana lipi lilitangulia. Hivyo uhusianifu hausemi kwamba mtoto anaweza kumtangulia mzazi wake. Mfano wa ndiva, hata hivyo, una kikomo chake: mtu anaweza kukimbia na kuyatangulia maji kumpasha habari jirani wa chini. Hakuna mkimbiaji anayeutangulia mwanga.

6.0 Mchoro Unapodanganya Macho

Michoro hii ina mtego mmoja. Wachukuliwe ndugu wawili. Mmoja anabaki nyumbani. Mwingine anasafiri kwa kasi ya tatu ya tano ya kasi ya mwanga hadi mahali palipo umbali wa miaka 3 ya mwanga, kisha anarudi kwa kasi ileile. Kwa saa ya nyumbani, kwenda ni miaka 5 na kurudi ni miaka 5. Karatasini mstari wa aliyebaki ni wima na umenyooka. Wa msafiri umepinda kama mshale, na kwa rula ni mrefu zaidi. Macho yanasema msafiri ametumia wakati mwingi zaidi.

Kanuni ya Minkowski inasema kinyume. Katika jiometria ya shuleni, mraba wa upande mrefu wa pembetatu mraba ni jumla ya miraba ya pande mbili. Katika jiometria ya mahali na wakati, alama ya kujumlisha hugeuka kuwa ya kutoa: mraba wa muda anaoupima msafiri ni mraba wa muda wa nyumbani ukitolewa mraba wa umbali. Hapa ni 25 kutoa 9, yaani 16, na kipeo chake cha pili ni 4. Msafiri amepima miaka 4 kwenda na 4 kurudi. Nduguye amezeeka miaka 10, yeye 8. Mstari ulio mrefu kwa rula ndio wenye wakati mchache. Kama ilivyo kwa tawi la mti wa ukoo, wino na muda si kitu kimoja.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka kwenye safari za binadamu kwenda nyotani. Ulitoka milimani. Miali ya kosmiki inapogonga angahewa huzaa chembe ziitwazo miuoni, ambazo zikitulia huishi kwa wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walichapisha vipimo vilivyofanywa katika Mlima Washington, Marekani, kwenye kimo cha yapata mita 1,910. Mlimani walihesabu wastani wa miuoni 563 kwa saa. Mwanga huhitaji kama sehemu 6.4 za milioni ya sekunde kushuka kimo hicho, na kwa maisha mafupi kiasi hicho zilitazamiwa miuoni 27 hivi kufika usawa wa bahari. Zilifika 408. Kwa saa ya miuoni zenyewe, safari ilikuwa fupi mno.

Kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, kina kimo cha yapata mita 2,460. Kutoka hapo hadi tambarare ya Gonja Maore, mteremko haukosi kukaribia ule wa Mlima Washington. Miuoni hushuka hapo pia, usiku na mchana, juu ya ndiva na mashamba ya mpunga. Na simu yenye kuonesha mahali mtu alipo, itumiwayo leo Gonja kama kwingineko, hutegemea setilaiti ambazo saa zake hurekebishwa kwa nadharia hiihii: mwendo huzichelewesha kwa sehemu 7 za milioni ya sekunde kila siku, udhaifu wa mvutano wa dunia huziharakisha kwa 45, na tofauti ni 38. Bila marekebisho hayo, kosa la umbali lingeongezeka kwa kilomita kumi na zaidi kila siku.

7.0 Mstari wa Wakati katika Isimu

Wanaisimu wana sababu ya pekee ya kuijua historia hii. Mchoro wa njeo unaotumiwa katika madarasa ya sarufi ulitokana na kitabu cha mantiki cha Hans Reichenbach cha mwaka 1947. Reichenbach hakuwa mwanasarufi. Alikuwa mwanafalsafa wa fizikia aliyehudhuria mihadhara ya Einstein mjini Berlin na kuandika, mwaka 1928, kitabu juu ya falsafa ya mahali na wakati. Alipendekeza kwamba kila njeo ielezwe kwa nukta tatu: wakati wa usemi, wakati wa tukio na wakati wa rejea. Katika sentensi “Treni ilikuwa imeondoka tulipofika stesheni”, kuondoka ni tukio, kufika ni rejea, na usemi unafuata vyote viwili. Kiambishi -li- huiweka rejea kabla ya usemi. -Me- huliweka tukio kabla ya rejea. Kiswahili hugawa kazi hiyo kwa uwazi kuliko lugha nyingi zilizotumiwa kuithibitisha nadharia yenyewe.

Je, si ajabu kwamba mwanafalsafa wa uhusianifu alichora wakati kwa mstari mmoja tu? Si ajabu. Utaratibu wa kabla na baada katika mstari wa maisha wa mtu mmoja haubishaniwi na mpimaji yeyote. Mstari wa njeo ni mstari wa maisha wa msemaji. Sarufi husema kutoka hapo alipo.

Sentensi hiyo ina kitu kingine. Kirejeshi -po- katika “tulipofika” ni cha ngeli ya mahali, na bado hapa kinataja wakati. Ashton alilieleza jambo hilo katika sarufi yake ya mwaka 1944, nalo linafahamika kwa kila mwalimu. “Alipolala palikuwa na baridi” ni mahali. “Alipolala, mvua ilinyesha” ni wakati. Na upatanisho wa kisarufi ndio unaoamua. Neno “nafasi” nalo hutaja uwazi wa chumba na fursa ya muda.

Ni rahisi kuruka kutoka hapa hadi kwenye dai kwamba Waswahili waliunganisha mahali na wakati kabla ya Minkowski. Dai hilo halifai. Lugha nyingi duniani huazima maneno ya mahali kuelezea wakati, na hakuna iliyotoa kutokana na hilo kanuni ya 25 kutoa 9. Historia ina maonyo mawili. Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941, aliulinganisha uhusianifu wa lugha na ule wa Einstein, akadai kwamba lugha ya Kihopi haina namna ya kuutaja wakati. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene chenye mifano ya Kihopi inayoutaja wakati kila upande. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alitumia mwaka 1969 maneno ya Kiswahili “sasa” na “zamani” kueleza dhana ya wakati ya Kiafrika, akiegemea jedwali la njeo za Kikamba na Kikikuyu, na akahitimisha kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Maneno aliyoyaazima yalikuwa ya Kiswahili, lakini Kiswahili hakikuulizwa. Kingeulizwa, kingejibu kwa kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na kwa kiambishi -ta- ambacho hakina ukomo wa miaka. Wakulima wa Gonja wanaozibua mifereji kabla ya vuli hawaishi katika sasa na zamani peke yake.

Makosa ya wasomi hao wawili yana umbo moja: walisoma nadharia ya ulimwengu ndani ya umbo la kitenzi. Anayedai kwamba -po- ni fizikia ya Minkowski anafanya kosa lilelile, ijapokuwa kwa nia ya kusifu.

8.0 Suala la Istilahi

Kinachobaki kwa Kiswahili ni kazi, na kazi hiyo imekwisha kuanza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, katika shule za sekondari za Tanzania fizikia imefundishwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, na istilahi isiyosemwa darasani hubaki kitabuni.

Mifano mitatu inatosha. Neno alilolitunga Minkowski kwa njia ya kitu katika mchoro likifasiriwa neno kwa neno huwa “mstari wa dunia”, na mwanafunzi ataidhania Ikweta. “Mstari wa maisha”, uliotumiwa hapa, unaeleza kazi yake, ingawa chembe isiyo na uhai nayo ina mstari huo. Muungano wa mahali na wakati ukiitwa “anga-wakati”, msikilizaji atatazama juu, hali nadharia inahusu jikoni kama inavyohusu nyota. “Mahali-wakati” ni bora, kwa kuwa mahali ni popote. Na neno “uhusianifu” lenyewe huvuta fikra kwamba kila kitu kinategemea mtazamaji. Katika nadharia yenyewe, kinachotegemea mtazamaji ni muda, urefu na usawia wa wakati. Kasi ya mwanga, utaratibu wa matukio ndani ya koni na ile hesabu ya 25 kutoa 9 havimtegemei yeyote.

9.0 Hitimisho

Mchoro wa mahali na wakati ulipitia mikono ya wapanga ratiba, mtumishi wa ofisi ya hataza na mwanahisabati, kisha ukaingia katika sarufi kwa mkono wa mwanafalsafa. Hauna lugha ya kuzaliwa. Lakini hauwezi kusomwa bila lugha, kwa sababu lazima mtu amwambie mwanafunzi kwamba mstari mrefu una wakati mchache, kwamba mwinamo umetiwa chumvi, na kwamba “sasa” ya kule si lazima iwe “sasa” ya hapa. Onyo lisipoeleweka, mchoro hufundisha uongo.

Mwanafunzi wa Gonja anayejua mwendo wa siku, zamu ya maji na maana mbili za “tulipofika” hajui bado nadharia ya uhusianifu. Anazo, hata hivyo, nyenzo za kuonywa kwa lugha anayoielewa. Ni wajibu wa wanaisimu na walimu wa fizikia kukaa pamoja ili onyo hilo limfikie kwa maneno yaliyopimwa, akiwa bado darasani.